Mafuta Ambayo Hakuna Aliyeyala

Shemeji yangu hajawahi kumpigia dada kelele. Naanza na hilo ili asije mtu akasema namsingizia. Hanywi, halali nje, mshahara wake wote unaingia nyumbani, na watoto wakiugua yeye ndiye anayekesha nao. Kila nikijaribu kumlalamikia mbele ya watu, wananitazama kana kwamba mwenye kasoro ni mimi. Mwanamke gani hamtaki mwanamume wa namna hiyo? Basi nafunga mdomo, maana sina cha kuwaonyesha. Dada angekuwa na jicho lililovimba, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Dada ni mtu wa kiwanda cha mikate. Yuko chumba cha oveni tangu kabla hajaolewa. Kazi yake ni kuingiza bati za mikate na kuzitoa, kuingiza na kutoa, na mikono yake kuanzia kwenye kiwiko imejaa alama za kuungua. Chumba chenyewe kina dirisha moja dogo juu kabisa, nalo wamelipigilia misumari ili vumbi lisiingie kwenye unga. Jioni akirudi, miguu imevimba hadi viatu anavivua kwa kuvivuta kwa mikono miwili, huku anavitukana. Ni mtu wa maneno, dada yangu. Zamani alikuwa akiingia mahali, watu wanasogea karibu kwa kujua watacheka.

Shemeji ni karani wa ghala. Amehesabu maboksi ya watu maisha yake yote. Alipokuwa mdogo, mwenye nyumba aliwatoa nje yeye na mama yake kwa sababu ya kodi, mvua ikanyesha juu ya vyombo, na majirani wakasimama milangoni wakitazama. Hilo hulisimulia mara chache sana, na akilisimulia hasemi alijisikiaje. Anataja vyombo tu: godoro, sufuria, kabati lenye kioo. Ndiyo maana anataka nyumba, na hataki kitu kingine chochote duniani. Hata mimi mwenye hasira zangu, nikifika hapo huwa napoa kidogo.

Sasa, benki yao ikaleta programu ya simu. Mume na mke wanaunganisha akaunti zao kwenye kifurushi cha familia, na kila senti inayotoka inajiandika yenyewe na kupewa kundi lake na rangi yake. Chakula kijani, nauli bluu, shule manjano. Kisichojulikana kinatupwa kwenye kundi la kijivu linaloitwa Mengineyo. Juu kabisa kuna picha ya nyumba inayojengwa, nayo ndiyo inaitwa Lengo. Pesa ikiingia huko, tofali linapanda. Na hapa ndipo pa kushika: mwezi ukiisha, chochote kilichobaki kwenye kundi lolote, programu inakikusanya yenyewe na kukipeleka kwenye Lengo. Hakuna kubakiza. Shemeji aliipanga hivyo siku ya kwanza, na alifurahi kama mtu aliyepata dawa ya ugonjwa wa ukoo. Mimi kuanzia hapo nikampa jina, Bwana Asilimia. Alicheka, akalipenda.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kuna kikao. Shemeji anaunganisha simu na televisheni, duara la rangi linatokea kwenye kioo, na familia nzima inakaa kwenye makochi: yeye, dada, na wasichana wao wawili. Nimehudhuria mara kadhaa, chai mkononi. Anaanza na matumizi yake mwenyewe, hilo nampa haki yake. Akimaliza anageuka taratibu.

"Mama watoto, hii ya kijivu ilikuwa nini?"

"Soda," dada anasema. "Mwenzangu alizidiwa na joto kazini, nikamnunulia."

"Ah, vizuri sana. Wala sikatai, nauliza tu ili tuiweke mahali pake."

Basi soda ya mtu aliyezidiwa na joto inawekwa mahali pake. Wiki nyingine ni vibanio vya nywele. Wiki nyingine ni kanga aliyoipenda njiani, na akaulizwa kwa upole uleule kama ile ya zamani imechanika. Haikuwa imechanika. Akairudisha dukani siku iliyofuata, na hakuna aliyemwambia airudishe. Ndivyo ilivyokuwa: polepole dada akaacha kununua chochote cha kuelezwa. Mpaka Jumapili moja kijivu hakikuwepo kabisa kwenye duara, sufuri safi, na shemeji akapiga makofi. Wasichana wakapiga makofi. Dada naye akapiga. Nilimwona kwa macho yangu.

Mimi nina duka la rejareja mitaa miwili kutoka kwao. Siku moja dada alikuja akiwa na nguo za kazi, akakaa juu ya gunia la sukari kama kawaida yake, akasema, "Mdogo wangu, nataka kuendesha lile gari."

Gari lenyewe ni la kiwanda, la kusambaza mikate madukani, hata kwangu linafika. Dereva wake alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, na bosi alikuwa ametangaza kwamba mfanyakazi yeyote wa ndani mwenye leseni atafikiriwa kwanza. Mshahara wa dereva umeuzidi ule wa chumba cha oveni kwa mbali. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nataka nikae penye dirisha," alisema. "Niwe peke yangu, niendeshe. Asiniulize mtu kitu mpaka nifike."

"Si umwambie mumeo akulipie mafunzo?"

"Nimemwambia. Hakukataa. Aliingiza ada ya mafunzo kwenye programu tukaangalia wote. Ikasema itawezekana nyumba ikishaisha."

"Na nyumba inaisha lini?"

Dada akanyoosha mkono juu ya kichwa cha binti yake mkubwa, ambaye hakuwepo, akaupandisha mpaka mahali pa mtu mzima. Hapo tulicheka wote wawili.

Alijaribu kwanza njia ya watu waaminifu. Aliacha kupanda basi, akawa anatembea kwa miguu ileile iliyovimba, akidhani nauli itambakia. Mwezi ulipoisha, programu ikaona nauli haikutumika, ikaipeleka kwenye Lengo. Akaacha kula mchana kazini. Ikaenda hukohuko. Jumapili shemeji alimsifu mbele ya watoto kwa kufunga mkanda, na akampikia mwenyewe chakula cha jioni kwa furaha. "Nimeshinda na njaa mwezi mzima," dada aliniambia, "nimenunua tofali." Alisema kwa utani, lakini mimi nilipandwa na hasira nikatamani kwenda kuing'oa ile televisheni ukutani.

Tukakaa tukaona kwamba kwenye nyumba ile pesa ukiiacha inaondoka, na njia ya pekee ya kuishika ni kuitumia. Ndipo tukala njama. Dada angekuja dukani kwangu, angelipia mafuta ya kupikia kwa simu, programu ingeyaandika kijani, Chakula, hakuna wa kuuliza. Mimi mafuta nisingempa. Ningemrudishia pesa yake mkononi, na angeiacha palepale kwangu, ndani ya kopo la biskuti.

Mwanzoni ilienda kama maji. Kopo likaanza kuwa zito. Dada akaanza kwenda kwa mwalimu wa udereva saa za mapumziko ya mchana, na akirudi dukani ananisimulia huku anazungusha usukani wa hewani: alivyopanda ukingo wa barabara, mwalimu alivyojishika kichwa, gari lilivyozimika katikati ya makutano na watu wakampigia honi naye akawapungia mkono kama mgeni rasmi. Ule utani wake wa zamani ulikuwa umerudi. Nilimtazama nikajua nilikuwa nimeusahau.

Lakini programu haisahau. Jumapili moja ilitoa onyo yenyewe, kwamba familia hii inatumia mafuta ya kupikia kupita kiasi cha familia za ukubwa wake. Shemeji aliingiwa na hofu ya kweli. Alikaa na dada jikoni, akamshika mkono, akamwambia moyo si kitu cha kuchezea. Alimpeleka kupima damu. Alijipima na yeye. Majibu yalikuwa mazuri ila hakuyaamini, akaacha vya kukaanga, akaanza kukimbia asubuhi kwa kaptula ya zamani. Akapungua mwili mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya, kwa ajili ya mafuta ambayo hakuna aliyeyala. Aliponieleza dukani jinsi anavyojisikia mwepesi siku hizi, nilijifanya natafuta kitu chini ya kaunta, nikacheka humohumo chini.

Tulihamia kwenye sabuni. Baada ya muda Bwana Asilimia akaanza kuwashangaa wanawe wanavyochafua nguo. Tukahamia kwenye mchele. Yaani tulikuwa tunapiga chenga kama watoto, na wakati mwingine, nakiri, nilikuwa naifurahia sana. Dada hakuifurahia. Kila Jumapili alikwenda kwenye lile kochi roho mkononi, na Jumatatu alikuja dukani uso umemshuka. "Ananihurumia," alisema. "Anadhani nina ugonjwa."

Leseni ilitoka. Aliileta dukani ndani ya bahasha, akaiweka juu ya kaunta, tukaitazama, picha yake humo amekaza macho kama mtu anayetafuta ugomvi. Mzee wa gari alipoondoka, bosi alimpa dada ufunguo. Nyumbani alisema kiwanda ndicho kilichomsomesha na kwamba wamemhamisha tu, mshahara ni uleule. Shemeji alifurahi kwa ajili ya miguu yake. Hakuuliza zaidi, kwa sababu hapakuwa na rangi yoyote ya kuulizia.

Ikabaki nyongeza. Mhasibu wa kiwanda alimwambia inawezekana kuugawa mshahara: kiasi cha zamani kiingie akaunti ya zamani, nyongeza iingie nyingine, mradi alete namba mpya kabla ya mishahara ya mwezi kuandaliwa. Kitu pekee kilichotakiwa ni akaunti, yake peke yake, isiyotokea kwenye televisheni ya mtu.

"Utaifanyia nini?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Sijui," alisema. "Hiyo ndiyo raha yake. Sijui, na hakuna wa kuniuliza."

Nikamwambia, nenda ile benki nyingine, ile iliyo mkabala na yao. Nilimwambia kwa kinywa changu hiki. Jumamosi akaegesha gari la mikate mbele ya duka langu, akashuka anang'aa, na kikaratasi chenye namba mkononi.

"Tayari."

"Pale pa mkabala?"

"Nilianzia pale. Wana ada ya kila mwezi, mdogo wangu, pamoja na pesa ya kadi. Pesa ya bure tu inakatwa, kwa kazi gani? Nikavuka barabara nikaenda benki kwetu. Kwetu hawatozi kitu."

"Kwa nini hawatozi?"

"Yule binti wa dirishani ni mwema kweli. Aliniona mteja wa zamani, akaniambia nisubiri, atanifanyia mpango. Akaniweka..."

Hapo akakitazama tena kile kikaratasi. Sikuhitaji kummalizia. Alikuwa amewekwa kwenye kifurushi cha familia, ndiyo maana hakuna ada. Miaka yote ile ya vikao vya Jumapili ilikuwa imemfundisha kuikimbia ada popote anapoiona, naye akaikimbia moja kwa moja mpaka mikononi mwa mumewe. Na asingeweza kufanya vinginevyo. Mtu mwingine yeyote angelipa ile ada ndogo akaenda zake. Dada yangu hakuweza, mkono ulikataa.

Tulirudi benki na gari la mikate, yeye anaendesha, mimi nimekumbatia kreti. Walikuwa wameshafunga, Jumamosi ni nusu siku. Mlinzi alituambia Jumatatu. Dada akaegemea usukani, akasema labda ujumbe wa benki haujamfikia mumewe. Nikasema labda. Wote wawili tulijua kwamba zile jumbe zinafika kabla hujatoka mlangoni.

Jumapili nilikwenda kwao bila kualikwa. Nilitaka niwepo, akinyanyua sauti nimjibu. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno yangu ya miaka mingi. Televisheni ilikuwa imewashwa tayari. Kwenye duara kulikuwa na kipande kipya kisicho na rangi, na maandishi: akaunti mpya imeunganishwa, ipe jina.

"Mama watoto," shemeji akasema, kwa sauti yake ileile. "Hii ni ya nini?"

Dada angeweza kudanganya. Alidanganya kuhusu mafuta, sabuni na mchele, lakini huko kote simu ndiyo iliyokuwa ikimsemea. Kwenye lile kochi, mbele ya lile swali, alikuwa amejibu ukweli kila Jumapili mpaka ukawa ndio unaotoka.

"Nyongeza," alisema. "Ya gari. Kuna nyongeza."

Shemeji akaingiza kiasi hicho kwenye programu. Picha ya nyumba ikatetemeka kidogo, kisha matofali yakaanza kupanda yenyewe, safu juu ya safu, mpaka kwenye madirisha, na tarehe ya kumaliza nyumba, iliyoandikwa chini, ikarudi nyuma miaka. Wasichana walirukaruka. Shemeji alisimama katikati ya sebule akaitazama ile tarehe, halafu akamtazama mkewe, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele yetu sote.

"Ulikuwa unanificha ili unishtue," alisema.

Nilimwangalia dada. Nikamwambia kwa macho, sema. Sema hapana. Nilikuwa tayari kusema mimi, mdomo nilishaufungua, naye akanitikisia kichwa, kidogo sana, ninyamaze.

"Ndiyo," alisema.

Shemeji akampa simu. "Ipe jina na rangi wewe mwenyewe. Ni ya kwako." Dada aliishika ile simu muda, akampa binti mdogo, mtoto akachagua waridi.

Kesho yake alileta mikate dukani kwangu kama kawaida. Aliteremsha kreti, akazipanga, akahesabu kreti tupu. Nilikuwa sijalala vizuri na niliyatoa yote kwa mkupuo: kwamba aifunge ile akaunti leo hii, aende pale pa mkabala, ada nitamlipia mimi kila mwezi mpaka nife.

"Ataona nyongeza haipo," alisema.

"Basi mwambie kwamba hutaki. Mwambie unataka kilicho chako."

"Nimwambie saa ngapi? Jana aliposhindwa kulala kwa furaha? Alichemsha maji akanikanda miguu, mdogo wangu. Akaniambia mama yake angekuwa hai angenishukuru kwa magoti." Alifuta unga kwenye kiganja kwa aproni. "Kisha akaniambia asante."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema asante. Lilitoka lenyewe, hata sikulifikiria."

Akanipa kitabu cha risiti nitie sahihi. Nilisaini, akachana nakala yangu, na alipoinama kuchukua kreti nikaona anajaribu kulia na halii. Nje, mtu mwenye baiskeli alikuwa amezuiwa na gari, akimwomba alisogeze.